Mfalme Aliyeoa Samaki

Baba Amito,

Bado giza, kifuniko cha birika kikicheza juu ya sigiri, nilitoka kuchota maji. Ukitoka zamu ya usiku langoni kwa mfalme, chai iko kwenye chupa, viazi nimevifunika. ~~Amito namwacha kwa Nafuna.~~ Amito naenda naye kazini, usimtafute.

Kosa ni langu. Bombani tulikuwa tunabahatisha mwisho wa ile hadithi ya televisheni, nami, ndoto bado machoni, nikasema kwa sauti: "Jumapili mfalme atapinduliwa." Askari wawili waliokuwa wanapita wakasimama. Jirani yetu Nafuna akawahi: "Afande, ni yule wa televisheni, aliyeoa samaki."

Mmoja akajibu, "Hapinduliwi yule. Atamfuata mkewe ziwani." Wakaenda zao wakibishana.

Usicheke. Ukiulizwa kambini, nawe sema ziwani. Mimi niliota taji linaelea majini kama jani, na watu wote wamelala milango wazi. Lakini Amito amelidaka lile neno langu, analiimba tangu tulipokuwa bombani. Siwezi kumwacha hapa.

Lala vizuri.
Mama Amito

Amesimama hapa mezani ninapoandika, anasema: "Mama, mfalme akipinduliwa, baba atalala nyumbani usiku."