Hariri ya Korongo, kwa Harusi ya Neema

Mama Neema, shoga yangu,

Usiniulize nimepata wapi muda wa kuandika. Unajua Jumapili nikitoka kanisani hujifungia hapa nyumbani Adelphi, Marekani hii ya upweke, na kuzima simu. Meza yako ya kushonea nimeileta kwangu, iko dirishani. Waliohamia kwenye apatimenti yako wameweka baiskeli pale cherehani ilipokuwa. Niliwachukia wiki nzima, bure tu, watoto wa watu.

Kilichonishikisha kalamu ni ile kimono yako, lile joho la hariri la Kijapani lenye ndege korongo. Neema anaolewa, na alitaka niikate nimshonee gauni la kubana, mikono niitupe, eti mipana mno. Mimi ni nani nimkatalie bibi harusi? Lakini wewe, tangu yule bibi wa Kijapani uliyekuwa ukimtunza uzeeni kule Annandale akuachie kimono zake, hukuruhusu mkasi uzikaribie. Kufumua, sawa. Kufua na kushona upya, sawa. Nikishika mkasi ulikuwa unanitazama tu mpaka naurudisha.

Nakukumbuka ulivyonifundisha. Ulitandaza hariri kitandani, vipande virefu vilivyonyooka, ukasema wenzetu hawa hushona nguo wakijua iko siku itafumuliwa iwe kitambaa tena. Ukanionyesha mapambo: mawimbi, misonobari, maua ya kuvaliwa baridi inapoelekea kuisha. Nami, fundi wa Nakuru niliyeshona blauzi za akina mama nusu ya maisha yangu, nikajivika moja na kuifunga kulia juu ya kushoto, kama blauzi. Ukashika kichwa. "Wewe Mkenya, hivyo huvalishwa maiti!" Tulicheka mpaka chai ikapoa. Nimekumiss, jamani. Nimekumiss vibaya.

Basi jana Neema akaja kupimwa. Mkasi nilikuwa nimeshaunoa. Kabla ya kukata nikafumua kwanza mshono wa bega, nione kama kitambaa bado kina nguvu. Unajua nje kilivyofifia, ule wekundu umebaki rangi ya chai. Kumbe ndani ya mshono, mahali jua halikuwahi kufika, wekundu wake wa mwanzo ulikuwepo wote, na ncha ya bawa la korongo, jeupe pe.

Neema akapitisha kidole pale. Akauliza, kwa Kizungu chake, kama mama yake aliwahi kuiona rangi hii. Nikamwambia hapana, hii hukuwahi kuifumua, ulikuwa unamwekea yeye. Mwanao huyu siku tuliyokuzika hakulia kanisani, hakulia makaburini. Akaketi sakafuni akalia kwa sauti, na mimi nikaketi naye. Alipotulia akaniambia, kwa Kiswahili kabisa, "Anti, usikate."

Sitakata. Nitaishona kwa mkono, mishono mirefu iliyo rahisi kufumua, na mikono ibaki na upana wake. Kinachozidi nitakikunja ndani. Mungu akimjalia binti, naye atakuja kufumua ajionee.

Pumzika, shoga yangu. Neema ameniomba nikae kiti cha mama siku hiyo. Nimekubali, ingawa moyo ulikataa. Nitakikalia kwa niaba yako, na machozi yako nitayalia mimi.

Wako,
Wanjiru