Hesabu za Wawira Nilizifanya Mimi

Muscat

Mpendwa Baba Wawira,

Hamjambo hapo Kanja? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa ukitoka kuchuma kahawa? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Mama mzee ninayemtunza hawezi tena kujigeuza kitandani, kwa hivyo namwinua mwenyewe, na mgongo unaniuma. Barua hii ataileta yule dada wa Karurumo anayekuja likizo. Nimeona niandike, kwa sababu kwa simu ningekosa ujasiri.

Unakumbuka mwalimu alipokuita shuleni, akakuuliza inakuwaje Wawira anapata hesabu zote za kufanyia nyumbani, na kwenye mtihani anapata mbili tu? Uliponiuliza, nilikujibu kwamba mtoto ana woga wa mtihani. Nilikudanganya. Hesabu hizo nilizifanya mimi. Kila jioni huyu mama mzee akisinzia, Wawira alikuwa ananitumia picha ya kitabu kwa simu yako, namrudishia majibu, ananakili.

Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Miaka mitatu sijamsuka nywele wala kumpikia uji. Hizo hesabu ndizo kazi ya mama niliyokuwa nimebaki nayo.

Baada ya wewe kuitwa, nilimwambia Wawira sitampa jibu tena. Ajaribu mwenyewe, akikwama amwulize mwalimu. Akasema, "Sasa Mama, wewe ukiwa huko unanisaidia na nini?" Akakata simu. Niliendelea kupiga deki nikilia. Wiki mbili hakunitafuta. Nilishinda nikiangalia simu, na mara moja nilikaribia kumwandikia alete tu hayo maswali.

Jumanne iliyopita akatuma picha moja. Hesabu tano za kugawanya, mbili sawa, tatu makosa, karatasi imefutwa mpaka ikatoboka. Nikapiga. Akanieleza kwamba alimwaga maharagwe mezani akayagawa mafungu, lakini kwenye hesabu ya nne yalibaki maharagwe ambayo hakujua ayaweke fungu gani. Nililiona kosa lake mara moja. Nilipotaka kusema, akanizuia.

"Usiniambie, Mama. Ngoja, nitaipata."

Juzi aliipata, bila mimi. Nilifurahi, Baba Wawira, na bado nilikaa jikoni hapa nikijiona kama mtu aliyeachishwa kazi.

Tafadhali nenda kwa mwalimu umweleze ukweli. Mwambie ni mimi, asimwadhibu mtoto. Na wewe usimfanyie Wawira hesabu zake, hata akilia.

Nisalimie mama yako, umwambie namwombea magoti yake. Msalimie dada yangu anayefunza chekechea, na jirani anayetukamulia ng'ombe. Mungu awatunze wote hapo nyumbani. Na jioni, Wawira akifungua kitabu, keti tu karibu naye. Hiyo ndiyo kazi ambayo mimi siwezi kuifanya nikiwa huku.

Wako,
Mama Wawira