Ukuta wa Magharibi wa Mama Mgaya

Jumatatu, 2 Juni

Upande wa mashariki wa nyumba ya Mama Mgaya umekwisha. Puti ya zamani nimeikwangua kwa patasi, nimepiga msasa. Nyufa nyembamba nimejaza silikoni. Zile pana nimechomeka vipande vyembamba vya mbao ya msindano, nimeviranda mwenyewe. Mdomo wa chini wa kila ubao nimeuacha wazi, maji yakiingia yapate pa kutokea. Mbao za upande huu zilipigiliwa kabla sijazaliwa. Zimepauka tu. Hazijapinda.

Kesho upande wa magharibi. Ule ni kazi yangu. Niliubadilisha mbao zote miaka minne iliyopita, mumewe, Mzee Mgaya, akiwa hai.

Natamani kesho isifike.

Jumanne, 3 Juni

Ukungu mpaka saa nne. Baridi ya Mjimwema, kule Njombe, inaingia hadi kwenye meno.

Magharibi ndiko upepo unakotokea. Nyufa kila mahali, nyingine kidole kinapita. Mbao zimesinyaa, zimejikunja, misumari imechomoza. Fundi yeyote akitazama atajua zilipigwa mbichi.

Mimi nilijua siku ileile. Mzee aliniambia kwa kinywa chake nisimletee mbichi. Nikamjibu zimekauka, zina miezi mitatu. Zilikuwa zimepasuliwa wiki hiyohiyo. Kulikuwa na kazi nyingine Makambako inaningoja, nikataka kumaliza haraka. Nikapaka rangi juu. Ikapendeza. Mzee akanishika mkono kwa mikono miwili.

Chumba alichokuwa akilala ndicho cha upande huu. Julai iliyopita kifua kilimbana. Hakumaliza wiki mbili. Jeneza nilitengeneza mimi, kwa mbao kavu.

Leo jirani alipita kusalimia. Mama Mgaya akamwambia, "Huyu ndiye fundi wetu. Hana ujanja hata kidogo." Nikainamia randa kama sikusikia.

Jumatano, 4 Juni

Nimeanza kusafisha nyufa za chumba kile. Kwa ndani zimejazwa vitu. Kurasa za daftari zilizoviringishwa. Soksi. Vipande vya gunia. Nikavuta kimoja kikatoka kirefu, sufu nyekundu, kimekatwa kwa mkasi.

Mama Mgaya alikuwa mlangoni na chai.

"Hiyo ni skafu yangu," akasema. "Mzee aliikata mwenyewe. Nilimgombeza siku nzima."

Akaichukua, akaikung'uta vumbi, akaikunja vizuri. Akanimiminia chai. Alisema siku hizi analala sebuleni, chumba hiki hakilaliki.

Chai sikuweza kuimaliza.

Alhamisi, 5 Juni

Sikwenda Njombe. Nimempigia simu Mama Mgaya, nimemwambia silikoni imeisha madukani. Uongo. Ninayo makopo sita hapa karakana. Amenijibu, "Pole baba, usijisumbue, hata kesho."

Mchana mzima nimekaa hapa nyumbani Lyamkena, Makambako, bila kushika msumeno. Malori yanapita barabarani, mengi yamebeba mbao. Nyingine bado zinachuruzika maji. Nimezitazama mpaka nikachoka.

Esta mke wangu aliniuliza nina nini. Nikamweleza yote, hata la miezi mitatu. Hakunigombeza. Alisema, "Kamwambie. Usimwache mama wa watu akushukuru."

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwambia.

Nilimkuta nje anachambua maharage. Nilisimama, sikukaa kwenye kigoda alichonisogezea. Nikasema mbao za ukuta ule zilikuwa mbichi na nilijua.

Aliacha kuchambua. Kisha, "Mbichi kiasi gani?"

"Ukipiga msumari, maji yanatoka."

"Na yeye alikuuliza?"

"Aliniuliza. Nikamdanganya."

Aliendelea kuchambua. Niliona mikono yake inatupa maharage mazima pamoja na mabovu. Baadaye akasema bila kuniangalia, "Nenda, fundi."

Nikaenda. Vifaa vyote nimeviacha kule. Nilifika Makambako nikapitiliza kituo changu.

Nilidhani nikisema nitapata nafuu. Sijapata.

Jumamosi, 7 Juni

Simu kimya.

Nimewaza ukuta ule. Silikoni haitoshi. Ufa wa kidole ukiujaza silikoni, kiangazi itachanika. Na vipande vya kuchomeka vitashikilia mbao ambazo zenyewe zimeharibika. Nilitaka kuziba ili nisionekane. Kazi ya haki ni kubomoa upande wote na kupigilia upya.

Mbao kavu ninazo. Nilizipanga chini ya paa tangu mwaka jana, za dari ya nyumba yetu. Esta amesema dari itasubiri.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilipotoka nikakuta ujumbe wa Mama Mgaya. "Njoo kesho uondoe zile mbao zote." Hakuna salamu.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika na mbao kwenye gari dogo la kirikuu. Nikamsalimia, kamwene. Aliitikia kwa kichwa.

Alichukua ubao mmoja, akaunusa, akauegemeza shavuni. Kisha akatoka getini. Akarudi na fundi mwingine wa mtaa wa pili, mzee, simfahamu vizuri.

"Naomba unikagulie," akamwambia. "Huyu simwamini."

Alisema nikiwa palepale. Masikio yaliniwaka. Yule mzee akagonga ubao mmojammoja kwa vifundo vya vidole, akasikiliza. Ubao mwingine akaukata ncha kwa msumeno, akaugusisha ulimi. Alichukua saa nzima. Mwisho akasema, "Zimekauka, mama." Mama Mgaya akamshukuru yeye.

Ana haki.

Nimebomoa mpaka jioni. Zile za zamani zilitoka kirahisi, karibu zidondoke zenyewe.

Jumatano, 11 Juni

Nusu ukuta. Kila ubao naupaka rangi ya kwanza pande zote nne kabla ya kupigilia, hata mgongo ambao hakuna atakayeuona. Safari hii mgongo ni mkavu. Vidole vimepasuka kwa baridi. Nimekula chakula changu nje, peke yangu, nimekaa juu ya rundo la mbao.

Ijumaa, 13 Juni

Kazi imekwisha saa nane mchana. Upepo ulikuwa mkali. Niliingia chumbani nikapitisha kiganja ukutani, pembe hadi pembe. Mama Mgaya akaja akafanya vilevile baada yangu, polepole, akisimama kila ubao. Hakupata ufa.

Akakaa kwenye kitanda kisicho na godoro.

"Daktari alisema mapafu yake yalikuwa mabovu tangu zamani," akasema. "Sijui kama ni ukuta. Na wewe hujui."

Nikasema sijui.

"Sijakusamehe, fundi. Nikikusamehe nitakuambia." Akainuka. "Haya, nisaidie godoro."

Tukalibeba kutoka sebuleni, yeye mbele, mimi nyuma. Akatandika mwenyewe.

Nimefika nyumbani jua bado lipo. Nimeosha brashi kwa mafuta ya taa, nimezianika. Esta ameniuliza imekuwaje. Nimemwambia chumba hakipitishi upepo tena, na mama atalala humo leo. Tumekaa nje mpaka tukahisi baridi.