Povu Chini ya Bati

Mjukuu wangu Zuhura, mke mwenzangu,

Marahaba. Hapa Njinjo hatujambo, na mikorosho ya babu yako imeanza kutoa maua.

Unauliza kama ni ujinga kumwita fundi apulizie povu la kuzuia joto chini ya bati, ili kiyoyozi kisile umeme mwingi. Si ujinga hata kidogo. Nilipokuwa msichana tuliezua makuti tukaezeka bati, lakini mama alikataa makuti yale yachomwe. Aliyafunga kwa ndani, chini ya bati. Majirani wakacheka: "Bati nalo linavaa shumizi?" Jua la mchana lilipokolea, nyumba zao zikawa tanuri, nao wakaja kwetu kujinyoosha.

Pulizia povu lako. Wakikucheka, wewe nunua mikeka ya wageni.

Bibi yako