Mhojiwa wa Saba

Kakuyuni

Kaka Kalume,

Huku mahindi yamebeba vizuri na Mama hajambo. Shikamoo nitakupa siku nyingine.

Najiandaa kuingia chuo kikuu, kwa hiyo kila Jumamosi naenda Malindi mjini kujifunza utafiti wa mtandaoni. Mwalimu wetu, Bi Jedida, alitutuma tutafute tasnifu kuhusu dawa za mitishamba. Ya kwanza kutokea ilikuwa yako ya udaktari.

Nilimkuta Mama humo. Umemwita "mhojiwa wa saba, ajuza asiyejua kusoma, mwenye imani potofu." Kisha kwa kurasa arobaini umeyaandika maarifa yake kana kwamba umeyavumbua wewe. Daktari mzima, neno "mama" lilikushinda.

Aliposikia nimeipata, aliniomba nimsomee.

"Mwanangu ameniandika vipi?" akauliza.

Nikamsomea kwamba yote hayo ulifundishwa na mama yako mzazi, Kahonzi Baya, mganga hodari. Alilia kwa furaha, akachinja kuku.

Usidhani nilikusitiri wewe. Sikutaka tu ajue amezaa mtu wa aina gani.

Ni mimi mdogo wako,
Kahaso