Kirusi cha Wangui

Jumatatu, 8 Machi 1999
Nyeri. Baridi. Asubuhi yote maabarani, nikipima damu za malaria na taifodi. Mchana nikapitia kwa Wangui, mdogo wangu, anakoshona sare za shule. Amekonda tena. Vidonda mdomoni. Anameza dawa mbili za Ukimwi, binamu yetu humtumia kutoka Marekani. Kipimo cha Nairobi kilisema virusi vyake ni vichache. Mwili wake unasema vingine.

Alhamisi, 11 Machi
Daktari Githinji, anayemtibu Wangui, anashuku anaruka dawa. Mama pia. Ametoka kijijini Gakindu kuja kumtazama akimeza. Wangui anasema hajaruka hata siku moja. Mimi namwamini. Nina hasira.

Ijumaa, 19 Machi
Nimemtoa damu mwenyewe. Mshipa ulikuwa mgumu kupatikana. Daktari ana rafiki katika maabara ya Ulaya. Watapima upya.

Jumanne, 27 Aprili
Daktari amepigiwa simu. Virusi ni vingi mno. Mashine ya Nairobi ilitengenezewa kirusi cha aina B, cha Ulaya na Marekani. Wangui ana aina A, ya huku kwetu. Jeni zimetofautiana, kwa hivyo mashine haikuviona virusi vyote. Sisi tukatulia, tukidhani dawa zinafanya kazi. Kumbe kirusi kilikuwa kinajibadilisha, na dawa moja kati ya zile mbili haikiwezi tena. Kuna badiliko lingine ambalo hawajui maana yake. Karibu yote wanayojua yametoka kwa aina B.
Daktari aliniambia akiangalia nje dirishani.

Jumatano, 28 Aprili
Nimemwambia Wangui. Aliacha cherehani.
"Kwa hivyo si mimi niliyekosea?"
"Si wewe. Kirusi kilibadilika."
"Basi mwambie Mama. Mimi nimechoka kujitetea."
Mama alisikiliza hadi mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Na hizo dawa zingine, zinakijua hiki chetu?"
Nikasema sijui. Ndiyo kweli.

Jumamosi, 15 Mei
Dawa tatu mpya zimefika. Wangui ametapika siku nzima. Anaendelea nazo. Naogopa.

Jumapili, 13 Juni
Gakindu. Vidonda vimepona. Uzito umepanda kidogo. Damu itapimwa tena Ulaya, majibu yatachukua muda. Baada ya kanisa Wangui alitandika leso kando ya shamba la kahawa, akalala juani. Mama alipita na jembe, akazunguka mbali asimwamshe. Nikaketi hapo mpaka mawingu yakafunika mlima.