Nyuzi za Ukutani

4 Februari

Binti yangu,

Natumaini umefika salama na kifua hakikusumbui na hiyo baridi. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inachemka.

Nimefungua karakana baada ya kukusindikiza, nakuta ukuta mtupu. Miaka thelathini nampima mteja kwa uzi, nafunga fundo la bega, la kifua, la kiuno, nautundika kwenye msumari wake. Wewe umeniachia daftari la namba. Fundi viatu wa jirani anasema alikuona ukizichoma nyuzi zangu huku unaimba. Ndiyo biashara uliyokwenda kusomea hiyo?

Baba yako

19 Februari

Baba, shikamoo. Kifua hakijambo. Mgongo wako je, dawa unapaka?

Nilizichoma, ndiyo. Mteja anasubiri nusu saa wewe unapapasa misumari. Nilikuomba mara ngapi tuandike? Ulikuwa unageukia cherehani na kuongeza mwendo. Shahada hii niliichagua humo humo karakanani, nikiona fundi hodari kuliko wote mtaani anakimbiwa na wateja. Nawe unanionea haya. Umewaambia watu nasomea udaktari! Fundi viatu alinipongeza.

Mwanao

6 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Dawa napaka.

Mwalimu mkuu amerudisha koti mbele za watu. Nililikata kwa daftari lako. Bega lake moja limeshuka tangu alipoanguka, na kwenye uzi wake nilifunga mafundo mawili kwa ajili hiyo. Wewe umeandika namba moja tu.

Hilo nimelimeza. Lakini leo nimefika ukurasa wa mwisho. Umeandika, "Mwanamke, hajulikani." Ni ule uzi wa nyuma ya mlango. Huyo ni mama yako.

Naishia hapa.

Baba yako

30 Mei

Baba, shikamoo. Natumaini mgongo umepoa.

Barua yako nimekaa nayo karibu miezi mitatu. Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ninayo mpaka sasa. Tangu najua kushika fagio nimefagia chini ya ule uzi, hukuwahi kuniambia ni wa mama. Ningejuaje? Nilikuwa na miaka minne alipofariki. Namjua kwa picha moja, naye ameketi. Hata urefu wake siujui.

Juzi mhadhiri alitaka mfano wa biashara iliyopangwa upya. Wenzangu walinyoosha mikono, mimi wangu nikaukalia.

Shahada siachi. Lakini nisamehe, baba.

Mwanao

21 Juni

Binti yangu,

Hujambo? Mgongo umepoa. Hasira haijaisha, usije ukadhani.

Wateja nimewaambia ukweli, kwamba unasomea biashara. Fundi viatu alicheka, nikamwacha acheke.

Ndani ya bahasha mna uzi wa mama yako. Nimeukata kwa namba zako, na pale namba ziliposahau nimefunga fundo kwa mkono wangu unavyomkumbuka. Ushike begani, uuteremshe mpaka kiunoni. Mkilingana, usiniandikie. Nitaona mwenyewe ukirudi.

Nguo ya mahafali usinunue, naishona mimi. Jipime kwa uzi, funga mafundo, utume. Msumari nimeshapigilia, nyuma ya mlango. Ukituma namba, nitazichoma.

Baba yako